Oda ya Seremala

Duka letu lilikuwa la mashine za masikio, na aliyekaa kaunta siku nzima kuwaambia watu kwamba mashine hazijafika alikuwa dada mmoja ambaye wateja walimpachika jina la Wiki Ijayo. Mimi nilikuwa fundi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya kaunta, katikati ukuta wa mbao tu, na kazi yangu ilikuwa kupima masikio ya watu na kuiseti mashine ilingane na uziwi wa kila mmoja. Wateja waliniita daktari, nami sikuwasahihisha, kwani nani hukataa sifa ya bure? Lakini habari hii ni ya dada, na nitaieleza yote, hata pale inaponiumbua mimi mwenyewe.

Dada alianza pale kama mfagiaji. Alikuja na ndoo yake, mtoto wa kike mgongoni, mwingine anamvuta sketi, na mume ameshakwenda na njia zake. Mwenye duka wa wakati ule, mzee mwenye moyo wake, aliona jambo moja: wateja wanampita mwuzaji wa kaunta na kwenda kumwuliza mfagiaji. Mfagiaji walimwelewa. Hakuwapigia kelele. Alisimama mbele ya mtu, akamtazama usoni, akayatamka maneno polepole kwa mdomo uliofunguka vizuri, na kiziwi akaisoma midomo. Hakuna aliyemfundisha. Akavuliwa aproni, akapewa kiti, na kiti hicho akakikalia miaka kumi na tisa, mpaka binti mmoja akaolewa na mwingine akaajiriwa.

Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye hasira za karibu zinazozimika haraka. Asubuhi alivua viatu vyake vya kisigino akavaa ndala chini ya kaunta, mteja asione. Chai yake ilikuwa sukari tupu. Nikimwonya kuhusu ugonjwa ananijibu, "Mdogo wangu, hii sukari si yangu. Ni ya wateja. Nisipoinywa mimi, watakula nyongo wao." Na kweli, ungemkuta saa nne asubuhi anatukanwa na mtu mzima, naye anamtazama usoni na kumjibu taratibu, "Pole, baba. Nimekuelewa, baba." Mtu akishatoka anageukia ukuta wa mbao na kuniambia mimi yale yote aliyotaka kumwambia yule. Hapo nilikuwa nacheka hadi kipimo kinanitoka mkononi.

Yule mzee alipofariki, watoto wake waliliuza duka kwa kampuni moja kubwa yenye makao makuu mbali. Tukaletewa meneja mwenye tai na kompyuta mpya. Na mwezi wa kwanza wa mwaka ule tukaletewa uzinduzi.

Mashine yenyewe sitaisema vibaya. Ilikuwa ndogo kama punje ya haragwe, na ilitengenezwa kwa ajili ya wale walioziba kabisa, ambao mashine za zamani ziliwapigia miluzi tu masikioni. Watu hao walikuwa wameshakata tamaa. Kampuni ikabandika mabango mtaa mzima, ikafunga baluni mlangoni, ikaweka spika mbili kubwa zinazopiga muziki mchana kutwa. Muziki, kwa viziwi! Dada alisema hao waliopanga wangefungua duka la miwani wangewaandikia vipofu barua.

Makao makuu walimtuma msichana mmoja na mashine moja ya majaribio. Kila mtu alikaa kwenye kiti, akawekewa sikioni, akapewa dakika mbili. Foleni ilifika barabarani. Miongoni mwao alikuwa seremala mmoja, mzee mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, aliyeharibiwa masikio na misumeno ya kiwandani. Akawekewa mashine. Akatulia. Mtu mmoja akaingia kutoka nje, na seremala akaugeukia mlango akasema kwa sauti, "Hiyo bawaba inataka mafuta."

Duka zima tulicheka na kupiga makofi. Yeye hakucheka. Alikuwa hajasikia bawaba kwa miaka kumi na miwili. Aliomba wamwachie mashine nusu saa tu akamlete mkewe, maana mkewe alibaki nyumbani siku ile, koo linamkereketa. Msichana wa makao makuu alimwonyesha foleni, akamwonyesha saa, akamwambia atapata yake mwenyewe baada ya wiki sita. Seremala akaitoa sikioni kwa vidole viwili na kuirudisha.

Kesho yake alikuja na mkewe kuweka oda. Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu na kila mtu alimwita Mwalimu. Walioana uzeeni, wote wawili wafiwa, miaka tisa iliyopita. Waliongea kwa mikono, kwa midomo na kwa kijidaftari cha mfukoni.

"Hajawahi kunisikia hata siku moja," Mwalimu alimwambia dada. "Tumeoana ameshaziba. Miaka thelathini nimefundisha darasa la kwanza, watoto wa watu wote mjini wanaijua sauti yangu, na wa kwangu ndani ndiye asiyeijua."

"Ataijua, mama," dada alijibu huku akiandika. "Wiki sita tu. Namba ya simu?"

Tulichukua oda mia tatu na kumi na mbili. Wiki sita zikaisha, zikaja mashine arobaini.

Sijui kama umewahi kuwa mahali ambapo watu mia mbili na sabini na wawili wanaambiwa wasubiri, na wote hawasikii. Kiziwi akikasirika hajui sauti yake imefika wapi. Mtu anakuja anakusudia kulalamika kwa adabu, na mtaa mzima unasikia. Na dada naye asipoeleweka kwa midomo inabidi aandike, na mtu akiandikiwa "bado" kwa herufi kubwa anaona ametukanwa. Tuliambiwa kontena limeshushwa bandari isiyo yake. Baadaye tukaambiwa limepakiwa meli nyingine. Kisha karatasi za meli ya kwanza hazikubaliwi na watu wa meli ya pili. Kila Jumatatu meneja alishuka na barua pepe ya makao makuu, kila Jumatatu barua ilisema wiki ijayo, na dada akaenda kuyasema hayo kwa mdomo wake mzuri unaosomeka. Jina likamkaa.

Wa kwanza kwa kelele alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Redio, kwa sababu alikuja nayo kwapani, akaiweka juu ya kaunta, akaifungulia hadi mwisho na kuuliza, "Unasikia? Mimi sisikii! Nimelipia nini?" Alipiga kaunta ngumi mpaka chai ya dada ikamwagika. Alipiga simu kila siku. Aliapa kuliandika duka mitandaoni mpaka lifungwe. Meneja alimwogopa kama ugonjwa.

Na meneja alikuwa na utaratibu wake, au tuseme kompyuta ilikuwa nao. Wateja walitakiwa wapige simu kwenye namba maalumu. Hakuna mtu aliyepokea, ilikuwa sauti ya mashine: bonyeza moja, ingiza namba ya oda, sema shida yako baada ya mlio, simu hii inarekodiwa. Fikiria hilo duka, la watu wasiosikia, na njia ya kulalamika ni kusikiliza simu. Wenye ndugu walipigiwa na ndugu. Kila anayepiga, kompyuta ilimhesabu kuwa bado ana haja. Asiyepiga majuma mawili ilimshusha chini kabisa ya orodha, kwa hesabu kwamba ameacha kutaka. Kuja dukani kwa miguu yako hakukuhesabiwa.

Mwezi wa tatu Mwalimu alikuja peke yake. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Alisema amekwenda hospitali, wameona uvimbe kwenye koromeo, watamtibu kwa dawa kwanza. Aliuliza mashine kwa upole, akaambiwa wiki ijayo, akasema asante. Hakuna mteja mwingine aliyesema asante mwezi ule. Mwezi wa tano alikuja tena na mumewe, na safari hii ilibidi dada ainamie kaunta ndipo amsikie.

"Dawa zimeshindwa," Mwalimu alisema. "Wamenipa tarehe sita mwezi wa nane. Watalitoa koromeo lote. Baada ya hapo sitasema tena."

Dada aliacha kuandika.

"Mwanangu, sidai haraka kwa sababu ya ubishi. Nataka anisikie kabla. Hata siku moja. Hata mchana mmoja tu, nimwite chakula kikiwa tayari, ageuke."

Seremala alisimama pembeni anatutazama midomo, ameshika mfuko wa mkewe. Alijua tunaongea nini. Dada akatoka nyuma ya kaunta na ndala zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamshika Mwalimu mikono yote miwili.

"Mama, usije tena na jua hili na koo hilo. Wala usipige simu. Kaa nyumbani, itunze sauti. Mashine ikifika nitakupigia mimi, wewe wa kwanza. Hilo niachie."

Nilisikia yote nyuma ya mbao zangu, na niliona amefanya jambo la maana. Leo hii naona tofauti, lakini siku ile niliguswa na kujivunia kufanya kazi na mtu kama yeye.

Alikuwa na njia yake, hakusema vile hivihivi. Tangu mwezi wa tatu, kila Jumatatu saa saba mchana, meneja akienda kula, dada alitoka uani nyuma ya tangi la maji na simu yake mwenyewe. Alikuwa na karatasi yenye namba za oda kumi na moja. Ni za wale wapole: bibi mmoja asiyejua kutumia simu, mshonaji viatu asiye na ndugu, na wengine wa namna hiyo, na seremala. Alipiga namba ile maalumu mara kumi na moja, akabonyeza moja, akaingiza namba ya oda, mlio ukalia, akasema, "Habari za mchana. Naulizia mashine yangu. Bado naisubiri." Kila mmoja alimtengenezea sauti yake. Bibi alimtetemesha. Mshonaji viatu alimkohoza kidogo. Mimi nilisimama mlangoni kumwangalia meneja asije, mkono mdomoni nisicheke. Kwa namna hiyo watu kumi na mmoja waliendelea kuhesabiwa kwamba bado wana haja, na kila Jumatatu dada alirudi kwenye kiti chake ameridhika.

Katikati ya mwezi wa saba shehena ya pili ikafika, mashine mia na ishirini. Nakumbuka masanduku yalivyoshushwa. Dada alikuwa ameshainyanyua simu ampigie Mwalimu, nikamwambia ngoja orodha itoke, ni dakika kumi tu. Orodha ikatoka. Redio alikuwa namba mbili. Bibi yule alikuwamo. Seremala hakuwamo, wala mshonaji viatu, wala wale wanane wengine.

Dada aliisoma karatasi kwa kidole, juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Akapanda kwa meneja na mimi nikamfuata. Meneja alifungua kompyuta, akatafuta namba ya seremala, ikatokea na rangi nyekundu.

"Huyu amezuiliwa," meneja alisema. "Ni mlanguzi."

"Mlanguzi nani?"

"Makao makuu wamegundua mtu mmoja mwenye oda kumi na moja. Namba ya simu ni moja, inapiga kila Jumatatu. Anabadilisha sauti, wameandika hapa. Watu wa namna hiyo hununua zote wakauze kwa bei yao. Sheria ni mtu mmoja, mashine moja. Wamemwachia oda moja, kumi wamezifunga."

Dada alikaa chini bila kuambiwa. Uso wake ulikuwa umekauka. Akaeleza. Alieleza kila kitu, tangi la maji, karatasi, sauti, na mimi nikaongeza kwamba nilikuwa mlinzi wake. Meneja alitusikiliza huku anavuta tai, na nadhani alitaka kucheka pia, ila hakuthubutu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa kompyuta hana haja tena ya kuamua kitu. Akaandika makao makuu kuomba oda kumi zifunguliwe. Jibu likaja baada ya siku nne: ombi limepokelewa, linashughulikiwa, waliofunguliwa watahudumiwa katika shehena ya tatu.

"Tarehe sita, bosi," dada alimwambia. "Mama wa watu anakatwa tarehe sita."

"Mimi nifanyeje, dada? Nimtoe nani?"

Dada alijaribu kila mlango. Ile mashine ya majaribio ilisharudi makao makuu na yule msichana, basi akataka iliyokuwa imewekwa kwenye kabati la kioo pale kaunta. Nikamfungulia aione mwenyewe: ilikuwa ganda tupu la maonyesho, ndani hakuna hata waya. Akaenda kwa Redio, mimi nikiwa naye, kwa sababu nilimhakikishia naweza kuiseti mashine yake kwa sikio la mwingine na kuirudisha ilivyokuwa siku hiyohiyo. Tulimkuta barazani. Mashine yenyewe hakuwa ameivaa. Alisema dunia imekuwa na makelele mno, ameiweka kwenye droo. Dada alimweleza habari yote kwa utaratibu, midomo wazi, mkono kifuani. Redio alimtazama muda mrefu.

"Miezi minne umeniambia wiki ijayo," alisema. "Leo ndiyo unataka nikuazime?"

Akaingia ndani na kufunga mlango. Nilitamani kuuvunja kwa teke. Dada akanivuta mkono, akasema, "Tuache, mdogo wangu. Ana haki."

Njiani kurudi ndipo wazo likanijia. Nilisimama katikati ya barabara, mtu wa baiskeli akanitukana. Nikamwambia dada, "Warekodi! Mwalimu arekodi sauti kwenye simu, mume ataisikia mashine ikija." Fundi wa masikio mimi, mwenye vinasa sauti viwili mezani, na wazo hilo nililipata wiki mbili kabla ya upasuaji. Mwezi wa kwanza sikuwa nalo, wala wa tatu, wala wa tano alipokuwa bado anasikika. Unajua kwa nini? Kwa sababu tuliamini. Watu walidhani dada anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kumbe kila aliposema wiki ijayo alikuwa na hakika nayo. Angekuwa mwongo, angewaambia warekodi mapema.

Alimpigia Mwalimu. Kilichojibu upande wa pili kilikuwa mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti. Mwalimu alisema sawa, atarekodi. Tarehe sita akapasuliwa.

Siku mbili baadaye dada alikuja chumbani kwangu, akashika mgongo wa kiti changu. Alikuwa amekumbuka jambo. Simu zote za namba maalumu zinarekodiwa. Huenda mwezi wa pili, au mwanzo wa mwezi wa tatu, kabla ya kuugua sana, Mwalimu alipiga mwenyewe hata mara moja. Tuliketi kwenye kompyuta ya kaunta, duka limefungwa kwa chakula cha mchana, tukafungua oda ya seremala. Kulikuwa na simu kumi na saba.

Dada akabonyeza ya kwanza. "Habari za mchana. Naulizia mashine yangu. Bado naisubiri." Ilikuwa sauti ya dada, ameilegeza iwe ya mke wa seremala. Akabonyeza ya pili. Akaendelea moja moja hadi ya kumi na saba, hakutaka kuruka hata moja, na zote zilikuwa yeye. Matusi ya Redio yalikuwamo mle ndani, miezi minne mizima, safi kabisa, unasikia hata ngumi ikipiga meza. Mwalimu hakuwamo. Alikatazwa kupiga.

Nilimwambia dada hakukusudia. Aliniambia ninyamaze.

Mashine ya seremala ilifika tarehe ishirini na tano ya mwezi uleule. Hatukumwita dukani, tulimpelekea. Nyumba yao ilikuwa na karakana mbele na vyumba viwili nyuma, mbao zimeegeshwa ukutani kwa urefu wake, sakafu imefagiwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, amekonda, kitambaa cheupe shingoni na chini yake tundu na kibomba anachopumulia. Tulimwamkia, akatujibu kwa mkono. Dada alishindwa kumtazama shingoni.

Nikamkalisha seremala kwenye stuli, nikamwekea mashine sikioni, nikaiunganisha na kompyuta yangu na kuanza kuiseti. Ilichukua robo saa. Nilipofungua sauti aliinua kichwa. Akasikia ndege juu ya bati. Akasikia viatu vyangu. Halafu akasikia kitu kingine, akageuka polepole kukitafuta, akamkuta mkewe. Ilikuwa pumzi yake ndani ya kibomba, inaingia na kutoka kwa mluzi mdogo.

"Ni wewe?" aliuliza.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mzee alisogeza stuli karibu naye, akaisikiliza ile pumzi, anatabasamu. Nikafikiri labda hili litatosha. Nilitaka kufunga mkoba tuondoke upesi.

Lakini mzee akaomba simu yenye ile rekodi. Mwalimu aliifunika kwa kiganja. Mzee akaomba tena, kwa upole, na mwishowe mkewe akaitoa kwa shingo upande. Akabonyeza. Ule mkwaruzo ukasikika chumbani. "Mume wangu. Ni mimi. Chakula tayari." Hakusema zaidi ya hapo. Nadhani hakujua mtu husema nini katika hali ile, akasema alichotaka kukisema kila siku.

Seremala aliisikiliza mara tatu. Tabasamu likamtoka.

"Hii ndiyo sauti yako?"

Mwalimu alitikisa kichwa kwa nguvu hadi nikahofia kile kidonda. Akachukua kijidaftari, akaandika haraka, akamwonyesha. Nilisoma nikichungulia begani kwake: Hapana. Huo ni ugonjwa. Nilikuwa na sauti nyingine.

Mzee aliisoma. Kisha akatugeukia sisi, uso wake mwepesi, kama mtu aliyekumbuka kwamba wenye jibu wamo humohumo ndani.

"Nyinyi mlimsikia," alisema. "Siku ile tuliyokuja kuweka oda alikuwa mzima. Ilikuwaje sauti yake?"

"Nzuri, mzee," dada alisema. "Ilikuwa nzuri sana."

"Nzuri namna gani? Nene? Nyembamba?"

Dada akanitazama. Nilitafuta kichwani mwangu kila mahali. Mimi husikiliza masikio ya watu, sisikilizi watu. Niliyakumbuka maneno yote, darasa la kwanza, watoto wa mji mzima, lakini sauti iliyoyasema sikuwa nayo. Na Mwalimu alikuwa ameweka kalamu chini, anamtazama dada mdomoni, anangoja na yeye kusikia.

"Sikumbuki, mzee," dada alisema. "Nilikuwa naandika namba ya simu."

Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, mzee hakuhitaji kurudiwa maneno. Aliitikia kwa kichwa, akaupapasa mkono wa mkewe uliokuwa juu ya kijidaftari, halafu akamwambia dada bila hasira yoyote:

"Basi ukikumbuka, njoo uniambie. Sasa nasikia."